Zamu ya Gari 412

Nilimkuta Arlo Kubicek amelala chali kwenye theluji, taya limehama upande, jino lake moja limenasa kwenye skafu niliyomfumia mwenyewe, na juu yake amesimama mwanamume aliyeshika jiwe la mizani la chuma kwa mikono miwili. Nalisema hili mwanzoni ili mtu asije akadhani hii ni habari ya makaratasi tu. Makaratasi yamo, tena mengi, lakini yaliishia kwenye damu. Na funguo za gari lililompeleka pale nilimpa mimi, kwa mkono wangu huu.

Naitwa Verlene Dostal. Kwa miaka ishirini na sita nimekaa kwenye dirisha la magari la Wakala wa Huduma za Utawala wa jimbo letu. Kama hujawahi kutusikia, vizuri, ndivyo tunavyotaka. Kazi yetu ni kuzifanyia idara nyingine zile kazi ambazo zenyewe hazitaki kujichafua nazo. Misitu wakitaka bahasha, wanakuja kwetu. Mahakama ikitaka viti, kwetu. Gereza likiishiwa balbu, kwetu. Magavana huja na kuondoka, na taa za ofisi zao tunaziwasha sisi. Ukutani tumebandika maneno makubwa ya bluu, HUDUMA BILA MASWALI, na mkuu wetu Gaylen Stroh huyaonyesha wageni kwa kidole utadhani ni picha ya mjukuu wake. Nami niliyapenda. Niseme ukweli, niliringa nayo.

Magari yetu yote ni meupe, aina moja, yana nembo ya jimbo mlangoni na namba nyeusi ubavuni na nyuma, kubwa kama sahani, ili mwananchi akituona tunaendesha ovyo apige simu. Na magari yana zamu. Baridi yetu inaua betri, na lililotoka kuendeshwa ndilo huwaka kwa urahisi, kwa hiyo lililorudi mwisho ndilo linalotoka kwanza. Leo liko na mkaguzi wa mayai, kesho na mwanasheria, keshokutwa na yule wa kuhesabu kulungu. Ustawi wa Watoto peke yao ndio hukaa na gari moja miezi mizima, kwa sababu ya viti vya watoto vinavyofungwa nyuma. Hayo ndiyo niliyoyasimamia miaka yote, na aliyetaka kuchagua gari kwa rangi ya zulia nilimfukuza dirishani bila kujali cheo chake.

Ijumaa moja ya Januari, robo saa kabla ya kufunga, ilikuja fomu kutoka Ustawi wa Watoto. Walikuwa na gari 412. Wakaandika: tubadilishieni gari kuanzia Jumatatu. Chini ya fomu kuna visanduku vya sababu: kiti kibovu, hita mbovu, harufu, nyingine. Wameweka alama kwenye nyingine. Basi, hakuna neno zaidi. Mafaili yao ni siri kwa sheria, wamezoea kufumba mdomo hata ukiwauliza saa ngapi, na sisi tumezoea kutouliza. Nikatoa viti vya watoto, nikanusa ndani, halinuki. Nikawasha hita, inachoma. Nikasema moyoni, hawa vijana wanadeka tu, nikalirudisha kwenye zamu. Kwa kuwa ndilo lililorudi mwisho, ndilo lingetoka kwanza Jumatatu.

Na Jumatatu wa kwanza dirishani alikuwa Arlo, kama kawaida yake. Arlo alikuwa mkaguzi wa mizani. Alizunguka kaunti zote za mashariki na mawe yake ya chuma kwenye buti la gari, akipima mizani ya maghala ya nafaka na ya wauza nyama, na ile iliyo sawa akaipiga muhuri. Mgane wa miaka sitini na moja, mrefu, masikio makubwa, mikono safi. Kwa miaka mitatu tulikuwa tukila pamoja kila Ijumaa. Hatukuwa tumemwambia mtu, na sisi wenyewe tulikuwa hatujaambiana lile lenyewe. Nilimpenda. Nilikuwa nangoja aseme yeye, na nadhani yeye alikuwa bado analipima.

"Bibie, leo umenipa gari la nani?" aliniuliza. "La juzi lilinuka soksi."

"Soksi zilikuwa zako."

"Zangu nafua kila Jumapili. Muulize paka."

"Paka ndiye aliyekuja kukushitaki. Chukua, mia nne kumi na mbili, hita yake inaweza kuoka mkate. Unaelekea wapi?"

"Ghala la Kessel. Wakulima wanasema mizani inawaonea. Nitapita kwa Ludmila wa mikate kwanza nitie kitu tumboni."

"Niletee ile keki ya plamu."

"Ukiwa na adabu."

"Na simu kwenye buti, Arlo."

"Najua, najua. Barua yako nimeisoma. Umekosea nukta mara mbili."

Barua hiyo niliiandika mwaka juzi, baada ya mtumishi mmoja kugonga ng'ombe huku anaandika ujumbe. Simu zote zikae kwenye buti mpaka gari lisimame. Nusu ya watumishi wa jimbo hawaifuati. Arlo aliifuata. Huyu ni mtu ambaye kwenye njia panda tupu, katikati ya mashamba, asubuhi ambayo hata kunguru hayupo, atasimama kabisa, atazame kulia na kushoto, ndipo apite. Aliondoka saa moja na robo, akanipungia mkono kupitia kioo.

Saa mbili kasorobo alikuja Janelle Pruitt wa Ustawi wa Watoto, msichana wa miaka ishirini na nane, chupa ya kahawa kwapani, macho mekundu ya mtu asiyelala. Nikampa funguo za 388. Nikamtania kidogo.

"412 lilikukosea nini, mwanangu? Mbona lina hita nzuri kuliko nyumba yangu?"

"Siyo gari, Bi Verlene. Ni Dell Hargis." Alitazama nyuma kwanza kama kuna mtu. "Mwezi wa kumi tulimchukulia watoto wake wawili. Sikupaswa kukwambia. Alhamisi alinitumia picha ya gari kwa nyuma, namba inasomeka vizuri, na maneno chini: hili likipita tena kwenye barabara yangu, aliye ndani nitamtoa kupitia dirishani. Polisi wa kaunti wakasema, basi badilisha gari. Ndiyo nikaleta fomu."

"Barabara yake ipi?"

"Ile ya changarawe, ya kwenda ghala la Kessel." Akasogea karibu na kioo. "Mbona unanitazama hivyo? 412 lipo gereji, sivyo? Bi Verlene, gari lipo wapi?"

Nilimwambia. Alitoa sauti ndogo, chupa ikamponyoka, ikabingirika chini ya dirisha langu.

Nikapiga simu ya Arlo, nikijua iko kwenye buti, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga kwa Ludmila kwenye duka la mikate, ikaita mpaka ikakata; asubuhi yule mama huwa na unga mpaka viwikoni. Nikapiga polisi wa kaunti. Walikuwa na afisa mmoja barabarani, naye yuko kwenye ajali ya lori upande wa pili kabisa. Dakika hamsini, wakasema, labda saa nzima, barafu ni mbaya.

Nilinyakua funguo za 388 mkononi mwa Janelle. Mlangoni alikuwa amesimama Gaylen Stroh, amesikia kelele.

"Verlene, tulia. Wewe ni wa dirisha. Huna kibali cha kuendesha, na bima yetu—"

"Gaylen, toka mlangoni."

"Kuna polisi kwa mambo haya. Sisi ni huduma, hatuingilii—"

Nilimsukuma kifuani kwa viganja viwili. Alikaa kitako ndani ya kapu la karatasi. Miaka ishirini na sita sikuwa nimemgusa mtu kazini, na sitaficha, mkono wangu ulifurahi.

Janelle aliokota chupa yake, akaingia kiti cha pembeni bila kuombwa. Niliendesha maili themanini kwa saa kwenye barabara ambayo mwenye akili huendesha arobaini. Halafu nikalipuka.

"Kwa nini hukuandika? Neno moja tu!"

"Ni siri! Nikitaja jina nafukuzwa kazi! Na fomu yenu ina visanduku vinne, ningeandika wapi?"

"Ungeandika pembeni! Ungeandika juu ya nembo! Ungeandika kuna mtu atauawa!"

"Na wewe? Umeona alama kwenye nyingine, ukashindwa kuinua simu ukaniuliza nyingine ndiyo nini?"

Nikakanyaga mafuta zaidi.

Alinieleza habari za Dell Hargis bila mimi kuuliza, kwa sauti ya mtu anayesoma faili. Mke alikimbia. Mtoto mkubwa, Toby, alikuja shuleni na mkono umevunjika mara mbili katika mwaka mmoja. Siku walipokwenda kuwachukua, Dell alimvunja afisa wa polisi mbavu tatu kwa mlango wa gari, akalala rumande wiki sita, akatoka. Tangu hapo alikuwa akipiga simu kila ofisi ya jimbo kuuliza watoto wake wapo wapi. Mahakama ikamwambia uliza Ustawi. Ustawi wakamwambia uliza mahakama. Shule ikamwambia haihusiki.

"Alipiga hata kwenu," Janelle alisema. "Kwenye ile namba ya simu iliyoandikwa kwenye gari."

Namba hiyo huingia kwenye dirisha langu. Nikakumbuka mtu wa kabla ya Krismasi, sauti nzito, anauliza gari 412 linalala wapi na linapeleka nani. Nilimwambia kwa adabu sana kwamba sisi ni wa magari tu, nikamtakia siku njema.

Kwa Ludmila nilisimama katikati ya barabara, nikaingia mbio. Yule mama alikuwa anafuta meza.

"Arlo?"

"Katoka sasa hivi, dakika kumi hazijafika. Kachukua na ya plamu. Kuna nini, Verlene? Umekuwa mweupe."

Sikungoja. Kutoka pale hadi ghala ni maili kumi na mbili, na Arlo huendesha taratibu. Nilijiambia tutamkuta. Nilisema kwa sauti, tena na tena, tutamkuta, tutamkuta, mpaka Janelle akaniomba ninyamaze.

Tulimkuta. Barabara ya changarawe inapanda kilima kidogo, na tulipofika juu nikaona vyote kwa mara moja: 412 limeinamisha pua mtaroni, pikapu nyekundu yenye bampa la vyuma imelibana kwa nyuma, buti limefumuka, mawe ya mizani yametawanyika kwenye theluji, madogo kwa makubwa. Kioo cha dereva hakikuwepo. Dell Hargis alifanya vile vile alivyoandika. Alikuwa amemtoa kupitia dirishani.

Alikuwa mtu mfupi, mpana, hana kofia wala glovu. Alimpiga Arlo teke la ubavuni, akarudi nyuma hatua moja, akampiga tena, bila haraka, kama anayevunja ubao. Nililegeza mafuta, nikashusha kioo sijui kwa nini, nikawasikia.

"Wako wapi? Sema wako wapi!"

"Mizani," Arlo alisema. Mdomo haukufunga. "Mimi... wa mizani."

"Nyote ni wa kitu kingine! Yule wa mahakama, yule wa shule, yule wa magari! Sasa nani kawachukua watoto wangu? Nani? Mizani?"

Akamkanyaga mkono wa kulia, ule wa muhuri. Nilisikia vidole vikivunjika, hapo kwa mbali, kwenye baridi kila kitu husikika. Kisha akainama, akanyanyua lile jiwe kubwa kuliko yote, la ratili hamsini, akalileta mpaka usawa wa kifua, akasimama juu ya kichwa cha Arlo na miguu miwili huku na huku.

Sikukanyaga breki. Baadaye waliniuliza kama niliteleza kwenye barafu, wakaniuliza kwa namna ya kunisaidia. Sikuteleza. Nililielekeza gari kwenye nyonga yake nikakanyaga mafuta.

Nilimgonga kwa kona ya mbele, magurudumu yakipita kando ya Arlo. Jiwe lilimdondoka likaanguka shibiri mbili kutoka sikio la Arlo. Yeye alirushwa kwenye bampa la pikapu yake mwenyewe, nasi tukaingia mtaroni nyuma yake kwa kishindo, mfuko wa hewa ukanilipukia usoni, pua ikapasuka. Sikuona kitu ila weupe na wekundu. Nilidhani yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Mkono uliingia dirishani ukanishika nywele. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ule mwingine umegeukia upande usiostahili, na bado alinivuta kichwa akakibamiza kwenye fremu ya mlango, mara mbili, mara tatu. Janelle alimpiga vidole kwa chupa ya kahawa, akipiga kelele. Dell akamshika mkono akaukunja, nikasikia ukilia kak, Janelle akafungua mlango wa upande wake akaangukia nje, akajikunja uso kwenye theluji akishikilia kifundo cha mkono.

Kisha Dell akanitoa mimi. Kupitia dirishani. Nilikuwa na miaka hamsini na saba na kilo themanini, na yule mtu mwenye mguu uliovunjika alinitoa kama mtu anayetoa gunia kwenye lori. Tukaanguka wote wawili, yeye juu. Akaniweka vidole kooni.

"Wako wapi?" alisema. Pumzi yake ilinuka tumbaku na kahawa, asubuhi ya kawaida ya mtu yeyote. "Gari lenu lile pale ndilo lililowabeba. Namba naijua. Wako wapi?"

Nisingeweza kumjibu hata kama ningejua. Kila kitu kilianza kuwa cheusi pembeni. Mkono wangu ulipapasa theluji ukakutana na chuma, jiwe la ratili kumi, lile lenye mshikio juu. Nikalishika. Nikampiga nalo kichwani, juu kidogo ya sikio, kwa nguvu zote nilizokuwa nazo.

Vidole vikalegea. Alianguka ubavu, akageuka chali. Nikapata pumzi, nikakohoa damu ya pua, nikapiga magoti. Alikuwa hai. Macho yake yalitazama juu, hayanitazami mimi, mikono imelala pembeni, imefunguka. Hakuwa na nguvu ya kuua hata nzi.

Nikamtazama Arlo. Uso haukuwa uso wake. Nikaona lile jino kwenye skafu. Nikainua jiwe nikampiga Dell Hargis mara ya pili.

Akasema, "Toby." Aliita kama mtu anayemwita mtoto aingie ndani kula, kwa sauti ya chini, hana hasira tena. Nikampiga mara ya tatu. Baada ya hapo hakuita mtu.

Nitasema nilichohisi, kwa sababu nimechoka kukificha. Nilihisi raha. Haikudumu zaidi ya pumzi mbili, lakini ilikuwepo, ya moto, tumboni. Kisha nikatupa jiwe nikatambaa kwa Arlo, nikaweka kichwa chake mapajani, nikamfunika kwa koti langu. Jicho lake moja lilikuwa limevimba likaziba. Lile jingine lilikuwa wazi, linanitazama, na nilivyokaa nikagundua kwamba kutoka pale alipolala hapakuwa na kitu chochote kilichomzuia kuona.

Afisa wa polisi alifika nusu saa baadaye, kijana anayeitwa Lindqvist, na gari la wagonjwa nyuma yake. Alimgusa Dell shingoni, akavua kofia, akairudisha. Janelle alimweleza yote aliyoyaona, na alichoona kilikoma pale alipoangukia upande wa pili wa gari. Lindqvist akanigeukia.

"Bi Dostal, ulimpiga mara ngapi?"

Nilifungua mdomo, koo halikutoa sauti. Dell alikuwa ameliharibu. Lindqvist akachuchumaa kwa Arlo, ambaye walikuwa wanamfunga kwenye machela.

"Mzee, uliona? Alimpiga mara ngapi?"

Arlo hakuweza kusema, taya lilikuwa limevunjika vipande viwili. Alinitazama kwa lile jicho kwa muda mrefu. Kisha akatoa mkono wa kushoto chini ya blanketi, akainua kidole kimoja.

Lindqvist aliandika.

Wiki tatu baadaye mwendesha mashitaka wa kaunti alisema hana kesi nami. Daktari wao alishindwa kutenganisha kilichofanywa na jiwe na kilichofanywa na bampa, na shahidi alikuwa ameulizwa tena hospitalini, akainua kidole kile kile. Gaylen aliniandikia barua ya onyo kwa kuendesha bila kibali. Fomu ikaongezwa kisanduku cha tano, usalama, na wakuu wa idara mbili wakapiga picha wameishika. Janelle aliacha kazi akarudi kwao kusini. Kabla hajaondoka alikuja dirishani, mkono umefungwa, akaniambia yeye ndiye aliyekwenda kuwaambia watoto. Mdogo hakuelewa. Toby aliuliza kama baba yake aliumia sana, naye akamwambia hapana, ilikuwa mara moja tu.

Nilikwenda kwa Arlo mwezi wa tatu, waya zilipotolewa kwenye taya. Hakutaka nimtembelee hospitalini. Nilidhani ni aibu ya uso, wanaume wana mambo. Nilimpelekea supu. Jikoni kwake kulinuka dawa, paka alikuwa juu ya friji. Alinimiminia kahawa kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umekakamaa, vidole viwili havikunjiki.

"Unarudi lini kazini?" nilimwuliza.

"Nimeacha. Muhuri wangu nimeurudisha juzi."

"Kwa sababu ya mkono? Watakupa kazi ya ofisini, nitazungumza na—"

"Siyo mkono, Verlene." Maneno yalimtoka taratibu, yanakwaruza. "Nilihesabu. Sikutaka. Ni mazoea yangu tu."

"Najua uliona."

"Pigo la kwanza uliniokoa. La pili ningesema uliogopa. La tatu alikuwa anamwita mtoto wake."

"Alikuwa amekuvunja kila mahali!"

"Najua alichonivunja. Mimi ndiye niliyevunjwa."

"Basi ungesema tatu!" Nilipiga meza, kahawa ikamwagika. "Nani alikuomba uninusuru? Ungeinua vidole vitatu, wakanifunga, ukabaki na muhuri wako!"

"Nisingeweza. Ndiyo shida yenyewe. Wakiniuliza kesho nitainua kimoja, wakiniuliza kwenye kitanda cha kufa nitainua kimoja." Alifuta kahawa na kitambaa, akafika mpaka kwenye kona za meza. "Sasa niende ghalani nikamwambie mtu mizani yake imezidi nusu ratili?"

Miaka mitatu nilingoja aseme yeye, nikaishia kuuliza mimi.

"Na sisi, Arlo?"

"Nilipanga kusema Ijumaa ile. Nilikuwa nimenunua hata shati." Alitazama dirishani. "Sikuchukii. Wallahi sikuchukii, na maisha haya ninayoishi umenipa wewe. Lakini ukikaa hapo mbele yangu, namsikia yule bwana akiita."

Alisimama, akachukua koti langu kwenye ndoano, akalishika nilivae kama anavyofanya siku zote. Kwa mkono mmoja lilimwia vigumu, nikamsaidia. Akanifunga kifungo cha juu. Akafungua mlango.

Nilikaa kwenye gari langu mbele ya nyumba yake mpaka vioo vikaganda kwa ndani. Nililia kwa sauti, kelele za mwanamke mtu mzima asiyejali majirani. Ningemgonga tena yule mtu kesho, na la kwanza ningempiga tena. Hayo mengine mawili hakuna aliyeyahitaji ila mimi. Pazia la jikoni lilisogea mara moja, Arlo akanitazama, kisha likarudi, naye hakutoka.